Wiki Sita Ambazo Hawakwenda

Nilifundisha wauguzi kwa miaka kumi na saba, na kwa miaka yote hiyo daftari la mafunzo ya vitendo lilikuwa mikononi mwangu. Kila mwanafunzi alikuwa na ukurasa wake: wodi ya wanaume, wodi ya watoto, leba, chumba cha upasuaji, zahanati ya kijijini. Akimaliza mahali, msimamizi wa wodi alitia saini, nami nikatia yangu chini yake. Sikuwahi kuandika siku moja ambayo mwanafunzi hakuifanya. Wapo waliolia mbele ya meza yangu kwa sababu ya siku mbili tu walizokosa, nikawarudisha wodini wazimalizie wenzao wakiwa likizo.

Chuo chetu kilikuwa kidogo, pembeni ya hospitali, milimani upande wa Mbinga. Ukiwa darasani ulitazama miteremko yenye mashimo ya ngolo wanayolimia mahindi, na mibuni chini ya migomba. Miaka ya tisini ilipoanza, ile mibuni ilikuwa bado inazaa lakini watu walikuwa wamekata tamaa nayo. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao, na bei ilibadilika kabla hujashusha gunia begani. Hospitalini wagonjwa walianza kuchangia gharama. Serikalini walisimamisha ajira. Ndipo kwa mara ya kwanza tukaona binti anamaliza chuo, anavaa kofia yake nyeupe siku ya mahafali, kisha anarudi kwao kupalilia.

Wakati huohuo ndipo fomu zilipoanza kutufikia kutoka nchi moja ya kusini. Jina lake silitaji, kwa sababu kosa halikuwa lao. Walihitaji wauguzi. Mgeni yeyote alitakiwa kwanza kufanya mtihani wao wa leseni, tena hukohuko kwao. Lakini waliosoma kwenye vyuo walivyovitambua walisamehewa mtihani huo, ilimradi mafunzo yao yote ya vitendo yalikuwa kamili. Chuo chetu kilikuwa kwenye orodha yao. Saba kati ya wahitimu wetu wa zamani walikuwa wamekwisha kwenda, wakafanya kazi vizuri, wakatujengea heshima. Fomu ilikuwa na kurasa nne. Ukurasa wa tatu ulikuwa wangu: idara kwa idara, idadi ya wiki, jina la msimamizi, saini ya mwalimu, muhuri.

Binti wa marehemu dada yangu nilimlea tangu akiwa darasa la pili. Aliniita mama mdogo, lakini pale hospitali kila mtu alimjua kama mwanangu. Nilimfundisha kutandika kitanda cha mgonjwa kabla hajajua kupika ugali usio na mabuja. Alipoingia chuoni sikumpendelea, na wenzake walilijua hilo.

Darasa lao lilikuwa la wasichana kumi na wanne. Katika mwaka wao wa tatu walipaswa kwenda wiki sita kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, safari ya siku mbili kutoka kwetu. Hawakwenda. Masika yalikuwa yamekata barabara, na gari la chuo lilikuwa juu ya matofali halina matairi. Niliandika kwenye daftari, "Safari imeahirishwa." Haikufanyika tena. Wiki zile sita niliwafundisha magonjwa ya akili darasani kila alasiri, na asubuhi walibeba maji kutoka mtoni kwa sababu pampu ya hospitali ilikuwa imekufa. Mtihani wa taifa waliufaulu. Hapa kwetu hakuna aliyeuliza.

Binti wa dada yangu alipomaliza hakupata kazi. Aliolewa na mwalimu wa shule ya msingi, wakapata mtoto wa kike, na mtoto hajatimiza mwaka baba yake akapunguzwa kazini. Wakahamia kwangu wote watatu. Nyumba yangu ya chuo ilikuwa na vyumba viwili. Mkwe wangu alikuwa mtu mstaarabu, na ustaarabu wake ndio uliomtesa. Alikuwa anatoka alfajiri na kurudi giza likiingia ili tusimwone amekaa bure.

Siku moja jioni nilikuwa nachambua maharage, binti akaja na fomu mkononi.

"Mama mdogo, naomba uniangalizie."

Nilifuta mikono, nikaisoma. Alikuwa ameijaza vizuri, kwa mwandiko uleule niliomfundisha. Nilipofika ukurasa wangu nikaweka kidole.

"Hapa kwenye magonjwa ya akili hamkwenda."

"Najua."

"Basi nitaandika sifuri, na nitaambatanisha maelezo kwamba mlisoma nadharia."

"Ukiandika sifuri hawanisamehe. Watanitaka mtihani."

"Si uufanye? Wewe darasani hukuwa mzito."

Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Mtihani uko kwao, mama. Nifike huko, nikae miezi nikisubiri matokeo, nile nini, nilale kwa nani? Mwenye msamaha anapelekewa barua ya kazi na tiketi. Mwenye mtihani anajitegemea."

"Siwezi."

"Ni wiki sita tu."

"Sijawahi kufanya hivyo."

"Najua hujawahi," akasema. "Ndiyo maana watakuamini."

Nilimrudishia fomu. Hakubishana. Aliiweka chini ya godoro la mtoto, akaja kunisaidia maharage.

Baada ya hapo akapata kibarua kwenye duka la dawa mjini Mbinga. Maduka hayo yalikuwa yanachipuka wakati ule, moja leo, jingine wiki ijayo, kwa sababu watu walianza kuikwepa hospitali tangu ilipoanza kudai michango. Aliajiriwa kuuza vidonge. Lakini mwenye duka alipojua ni muuguzi, akamfungulia kachumba nyuma ya pazia awachome watu sindano. Aliniambia, nikamkataza. Akasema, "Nikikataa, kesho kuna mwingine." Sikurudia kumkataza. Ule unga tuliokuwa tunakula ulikuwa wa duka lile.

Jumamosi moja alasiri alirudi mapema. Hakuingia ndani. Alikaa kwenye ngazi, mikono imelala mapajani, viganja juu.

"Mama mdogo, nimemlemaza mtoto wa watu."

Nilimshika mabega. Akanieleza. Wiki moja nyuma, mama mmoja alimleta mwanawe ana homa kali. Mwenye duka akavuta kwinini kwenye sindano yeye mwenyewe, akamkabidhi binti, akasema haraka, foleni ni ndefu. Mtoto alikuwa anajirusharusha, mama yake hakuweza kumshika. Sindano ikaingia pasipostahili, kwenye mshipa wa fahamu. Leo mama yule amerudi dukani na mtoto mgongoni. Mguu mmoja unaning'inia, kisigino hakikanyagi.

"Amenishukuru," akasema. "Amenishukuru kwa sababu homa ilipona. Ameuliza tu kama kuna dawa ya mguu."

"Mmempeleka hospitali?"

"Mwenye duka amemwambia ni upepo utapita." Akavitazama viganja vyake. "Wewe ulinifundisha mahali pa kuchoma sindano. Ulinipiga vidole kwa rula. Napajua kama ninavyoijua njia ya chooni. Mama mdogo, nitoe hapa. Nitoe hapa kabla sijaua mtu."

Tulikwenda siku ileile kumtafuta yule mama, tukamkuta anapoishi, nikampeleka mtoto kwetu hospitali mimi mwenyewe. Mguu haukurudi sawasawa. Hilo nililijua nilipoukandamiza wayo kwa kidole, na mtoto akaendelea kutazama dari.

Jumatatu asubuhi nilikwenda ofisini kabla ya wengine. Nikafungua ukurasa wa tatu. Magonjwa ya akili: nikaandika sita. Penye jina la msimamizi nikasita. Kisha nikaandika jina la muuguzi mmoja niliyesoma naye ujanani, ambaye alifanya kazi kwenye ile hospitali ya akili na alikuwa ameshafariki. Niliona hakuna wa kumuuliza. Nikagonga muhuri. Daftari lenyewe sikuligusa. Sijui kama nilisahau, au kuna sehemu ya nafsi yangu iliyokataa kwenda mbali kiasi hicho.

Msamaha wake ulikuja baada ya miezi michache, karatasi moja laini yenye nembo. Mkwe wangu aliisoma kwa sauti mara tatu. Siku ya kuondoka tulimsindikiza stendi ya Mbinga, akampa mumewe mtoto, akanikumbatia, akaninong'oneza, "Nitafanya kazi safi, mama mdogo. Utaona." Na alifanya. Barua zake zilieleza wodi yenye glavu za kutupa, jokofu lenye damu, daktari anayekuja ukimwita. Nilizisoma nikajiambia kwamba nilichoandika ni wino tu. Nesi mzuri alikuwa anaoza nyuma ya pazia, sasa yuko mahali pake.

Wakati wa mavuno ya kahawa alikuja mwenzake wa darasa moja, mzaliwa wa Ngumbo kule ziwani. Alikuwa mrefu, mtaratibu, mwenye sauti nzuri ya kanisani. Wakati wa masomo ndiye aliyekuwa akiwaimbia wenzake tenzi za Kianglikana wakati wa kufua mashuka, wale Wakatoliki wa milimani wakazishika zote. Yeye alibahatika kupata nafasi kwenye zahanati ya kwao kabla ajira hazijafungwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Habari za ziwani?"

"Si nzuri sana." Akanipa fomu yake. "Na mimi naomba kwenda."

"Wewe una kazi."

"Ninayo. Mwaka huu nimewafunga kanga kina mama watano waliofia uzazi, Mwalimu. Anatoka damu, mimi sina dawa, sina maji ya kumtundikia, mtumbwi wa kumpeleka hospitali unasubiri ziwa litulie. Nakaa nimemshika tumbo mpaka anapoa mikononi mwangu. Halafu nakwenda kumwambia mama yake." Alisema bila kupandisha sauti. "Nimechoka kuzika."

Niliisoma fomu. Mwombaji mwenyewe alikuwa na sehemu yake ya kujieleza, na pale penye magonjwa ya akili alikuwa ameandika: "Sikwenda wodini. Darasa letu lote lilisoma nadharia tu, kwa sababu ya usafiri."



"Una hakika unataka kuandika hivi?"

Akanitazama kwa mshangao. "Si ndivyo ilivyokuwa? Wewe ndiye uliyetufundisha tusiandike presha ambayo hatukuipima."

Hapo ndipo ningeweza kusema. Ningemwambia, kwenye fomu ya mwenzako niliandika sita, kwa hiyo na wewe futa hayo, nikuandikie sita. Au ningemwambia, usiitume kwanza. Sikusema lolote. Niliona aibu mbele ya mwanafunzi wangu, na aibu ilinifunga mdomo kuliko woga. Niliandika sifuri kwenye ukurasa wangu, nikatia saini na muhuri uleule. Nikajidanganya kwamba ofisi ni kubwa, makarani ni wengi, nani atakaa aweke karatasi mbili pamoja?

Waliziweka pamoja. Barua ilikuja kwa mkuu wa chuo, mtawa wa makamo niliyefanya naye kazi tangu nilipofika. Aliisoma, akaniletea darasani akiwa hana wasiwasi wowote.

"Wanasema wahitimu wawili wa darasa moja wana maelezo tofauti kuhusu magonjwa ya akili. Mmoja ana wiki sita, mwingine hana. Jibu wewe, Mwalimu. Wewe ndiye mwenye daftari."

Aliponikabidhi mikono yangu ilikuwa na chaki. Nilibaki na ile barua wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilifundisha, nikala, nikaenda misa. Sikuwa napata usingizi wala sikuwa naweza kusali. Nikifumba macho kusali Baba Yetu, nilikuwa nafika katikati nasahau.

Kisha ukaja ujumbe kwamba nitapigiwa simu posta ya Mbinga siku fulani saa nne asubuhi. Nilisimama kwenye kibanda cha simu, watu wakiwa nyuma yangu kwenye benchi, kila neno langu wakilisikia.

"Mama mdogo, wamenisimamisha kazi."

"Nilihofia hilo."

"Nimepewa siku thelathini za kujitetea. Sikiliza. Andika kwamba mwenzangu wa Ngumbo aliugua. Wiki zile alikuwa amelazwa, sisi tukaenda. Yote yatakaa sawa."

"Hakuugua."

"Nani ataangalia? Yeye ana kazi. Yuko kwao, ana nyumba ya zahanati, ana shamba la muhogo, ana mama yake. Mimi nikirudi narudi wapi? Kwenye pazia?"

Nilihamishia simu kwenye sikio jingine. 

"Mama mdogo, upo?"

"Nipo."

"Usiniue," akasema, na simu ikakatika.

Nilirudi nikaiandika. Nakiri hilo. Nilikaa kwenye taipureta ya chuo nikaandika kwamba binti wa Ngumbo alikuwa mgonjwa kwa wiki sita, kwa hiyo hakushiriki safari ya wenzake, na pengine kwa kupitiwa alidhani darasa zima halikwenda. Niliandika vizuri, kwa lugha ya heshima. Nikaitia kwenye bahasha, nikaibandika, nikaitia kwenye mkoba. Kila siku nilipita mbele ya sanduku la barua na kila siku nikaiacha mkobani, nikijiambia kesho.

Kabla kesho haijafika, alikuja yuleyule niliyemsingizia ugonjwa. Alitembea kutoka Ngumbo hadi Lituhi, akapata lori la mahindi mpaka Kitai, akalala hapo kwa mama ntilie, asubuhi akadandia basi la Mbinga. Alifika amejaa vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa amenibebea usipa mkavu, dagaa wa ziwani, kwenye kifuko cha nailoni. Alinipa kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo kwao.

"Mwalimu, nimekuja kuuliza nimekosea wapi." Akatoa barua. "Wananiambia maelezo yangu, kwamba darasa lote halikwenda, yanapingana na rekodi nyingine waliyopewa na chuo. Wanasema aliyetoa taarifa za uongo anaweza kufungiwa kabisa. Naomba unionyeshe daftari."



"Tangu nimepata barua hii nimekuwa nikijiuliza kama nimesahau," akaendelea. "Wiki sita si siku mbili. Njia nzima kutoka Lituhi nilikuwa najaribu kuiona hiyo hospitali. Geti lake, vitanda vyake. Nikawaza labda kweli tulikwenda, akili yangu ndiyo imeharibika. Nimezika watu wengi mno, Mwalimu. Labda nimeanza kuchanganyikiwa."

Nimewahi kuona watu wakifa. Sikuwahi kusikia maneno yaliyonichoma namna ile. Yule msichana alikuwa tayari kuamini kwamba ni mwendawazimu kuliko kuamini kwamba mimi nimesema uongo.

Niliamka, nikatoa daftari, nikalifungua kwenye kurasa za darasa lao. Akasoma mwandiko wangu: "Safari imeahirishwa." Akapitisha kidole chini ya mstari ule mara mbili. 

"Basi sikusahau."

"Hukusahau."

"Aliyeandikiwa sita ni nani?"

 Hakuhitaji nijibu. Katika darasa lile aliyekuwa kusini ni mmoja tu.

"Ni mwanao," akasema.

"Ni mwanangu."

Nilimweleza yote, mpaka barua iliyokuwa mkobani. Niliitoa nikampa. Aliichana bahasha, akaisoma akiwa amesimama, ile barua inayosema aliugua. Nilingoja anitukane. Aliikunja, akaniwekea mezani juu ya daftari.

"Siku ile nilipokuja na fomu ungeniambia," akasema. "Ningeondoka. Ningemwacha yeye afanye kazi yake. Nisingemsemea mtu."

Hakutaka chakula. Alilala kwenye bweni la wanafunzi, na asubuhi nilipokwenda kumwita nikaambiwa ameondoka na basi la kwanza.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa mkuu wa chuo. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Alivua miwani, akaiweka, akaivaa tena.

"Unajua wakipata ukweli huu, hakuna binti wa chuo hiki atakayesamehewa mtihani tena?"

"Najua."

"Na wale saba walioko huko? Watafukuliwa wote, mmoja mmoja. Wao hawajafanya kosa lolote."

Hao saba sikuwa nimewafikiria. Nilikuwa nimeona watu wawili tu, nikilia juu ya wawili, kumbe mlango mzima ulikuwa kwenye saini yangu. Nikakaa bila kukaribishwa.

"Nifanye nini, Sista?"

Alikwenda akafunga mlango. "Mimi sitakuzuia," akasema mwisho. "Na sitakusaidia kuandika."

Niliandika peke yangu. Niliandika kwamba darasa lote halikwenda, kwamba binti wa Ngumbo alisema kweli, kwamba zile wiki sita nilizibuni mimi pamoja na jina la msimamizi, na kwamba wengine wote waliotangulia rekodi zao ni za kweli na daftari lipo kwa atakayetaka kulikagua. Niliipeleka posta kwa miguu.

Majibu hayakuchelewa. Msamaha wa binti wa dada yangu ulifutwa. Chuo kiliondolewa kwenye orodha. Wale saba walitakiwa kufanya mtihani wakiwa kazini. Sita walifaulu, mmoja akarudi nyumbani. Huyo mmoja alikuwa na miaka mingi kazini kuliko wote, na sikuwahi kupata ujasiri wa kwenda kwao kumwona. Wanafunzi waliokuwa darasani mwaka ule walisikia habari kabla sijawaambia. Niliingia kufundisha, wakasimama kunisalimu kama kawaida, lakini hakuna aliyefungua daftari. Niliacha kufundisha mwisho wa muhula. Nilipewa kazi ya wodi, nami nikashukuru kwamba hawakunifukuza.

Binti wa dada yangu hakurudi. Aliandika kwa mumewe, kwangu hakuandika. Mkwe wangu alikuja sebuleni Jumapili moja baada ya misa akiwa amevaa koti, mtoto amemshika mkono, na begi limefungwa.

"Mama, tunaondoka. Nampeleka kwa bibi yake mzaa baba."

"Umepata kazi?"

"Hapana." Alitazama chini. "Mama mtoto amesema asilelewe tena hapa."

Mtoto alikuwa amezoea kulala na mimi. Alipofika mlangoni aligeuka akaniuliza kama nitakuja jioni. Baba yake akamwinua haraka, wakaondoka. Nilifua mashuka yake siku hiyo, nikayaanika, nikayafua tena kesho yake yakiwa safi.

Baadaye niliomba kuhamishwa, nikapelekwa Lipingo, zahanati ya ziwani, nikawa mkunga kama nilivyoanza. Huko nilijifunza kwa mikono yangu kile alichokuwa anakisema yule wa Ngumbo. Nilimshika mwanamke tumbo mpaka akapoa. Si mara moja.

Yule binti wa Ngumbo mwenyewe alikwenda kuufanya ule mtihani. Alikuwa na ndugu ng'ambo, upande wa Malawi, akavuka kwa meli, wakamsaidia kushuka mpaka kusini. Alikaa huko miezi, akarudi. Nilikutana naye kwenye semina ya wakunga, akanisalimu kwa Shikamoo ileile. Sikuthubutu kuuliza, akasema mwenyewe.

"Magonjwa ya akili nilifaulu, Mwalimu. Nilianguka kwenye mashine. Waliuliza juu ya mashine ambazo sijawahi kuziona hata kwenye picha."

"Utarudia?"

"Na nani atabaki zahanati?" Kisha akaona nilivyomtazama, akaongeza, "Sisemi hivyo kwa sababu ni mwema. Nimechoka tu kutaka kuondoka."

Nilimwomba msamaha pale, kwenye veranda, wenzetu wakinywa chai ndani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe, nami sikumlazimisha. Tangu siku hiyo akipata mgonjwa anayemshinda huniandikia kikaratasi, nami humwandikia, na vikaratasi vyetu havina neno lolote ila la mgonjwa.

Miaka mingi ikapita kabla sijamwona tena binti wa dada yangu. Alirudi kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe. Nilialikwa na mkwe wangu. Nilipanda milimani nimevaa kitenge kipya, moyo ukinidunda kama wa mtahiniwa. Alikuwa amenenepa kidogo, mikono imekauka ngozi. Alikuja mpaka nilipokaa, akainama.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Akakaa karibu nami kwenye benchi. Aliniambia kwamba miaka yote ile alikuwa hukohuko kusini akimhudumia bibi mmoja aliyepooza, nyumbani kwa huyo bibi. Kumwogesha, kumlisha, kumgeuza usiku asipate vidonda. Hakuvaa sare. Kwenye karatasi za kazi aliitwa msaidizi wa nyumbani.

"Hakupata kidonda hata kimoja," akasema. "Mpaka alipokufa."

Nilifungua mdomo nianze yale niliyokuwa nimeyapanga njia nzima kutoka ziwani. Alinigusa goti.

"Tule kwanza," akasema.

Akaniletea maji, akaninawisha. Mtoto, ambaye sasa alikuwa msichana mwenye gauni jeupe, alikuja kunisalimu kwa sababu mama yake alimwita, akauliza mimi ni nani. Wakamwambia ni bibi yako. Akasema asante kwa kuja, akarudi kwa wenzake. Tulikula wali na nyama ya mbuzi. Watu walianza kucheza ngoma uani, na sisi wawili tuliendelea kukaa pale, sahani tupu zikiwa mapajani, kila mmoja akingoja mwenzake aanze, mpaka mkwe wangu alipokuja kuniambia gari la kuteremka ziwani linataka kuondoka.